Gia za Nyuma na Gia ya Nyuma: Uhakiki wa Istilahi za Ekseli

Dereva akiambiwa "badilisha gia za nyuma" atashika mkono wa gia na kutafuta rivasi. Fundi makanika akiambiwa maneno hayo hayo atauliza kwanza kama gari limeletwa kwa sababu ya giaboksi au kwa sababu ya difu. Mtunza bohari akiyakuta katika hati ya kuagizia vipuri, huenda akaagiza gia ya rivasi. Sanduku litafika baada ya miezi, litafunguliwa, na gari litaendelea kukaa juu ya mawe. Hata hivyo maneno hayo ndiyo yaliyofanywa kichwa cha sura moja katika rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa karakana, iliyoletwa mezani kwetu ili istilahi zake zipitiwe kabla ya kupigwa chapa.

Sura hiyo inahusu kazi moja tu. Inaeleza jinsi ya kutoa gia kuu zilizochakaa katika ekseli ya nyuma ya pikapu ya zamani, yaani Land Rover ya inchi 109, na kutia nyingine. Simtaji mfasiri wala chuo kilichoileta. Mengi ya makosa yaliyomo ni ya desturi yetu sote tunaoketi maofisini na kamusi mbili, moja kushoto na moja kulia, tukiyapa maneno ya kigeni wachumba wa Kiswahili bila kuuliza kama watu hao wanaweza kukaa nyumba moja. Kwa hiyo katika uhakiki huu sitauliza kila mara kwamba neno fulani ni tafsiri ya neno gani. Nitauliza kwamba fundi aliyelala chali chini ya gari akilitii neno hilo, mkono wake utakwenda wapi.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba tunashughulika na gari kuukuu. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Ile ya inchi 109 ya mfululizo wa pili ilitoka mwaka 1958, na mfululizo wa tatu ulikoma mwaka 1985. Lakini pikapu hizo hazikufa pamoja na mfululizo huo. Zipo zinazobeba mahindi na mitungi ya maji, zipo zilizorithiwa na kufufuliwa na wapenzi wa magari ya kale, na zipo vyuoni kama vyombo vya kufundishia. Kwa mwalimu wa ufundi gari hili lina fadhila nyingine: linafunguka. Kila kiungo chake kinaweza kutolewa, kushikwa na kupewa jina. Tena miongozo yake imeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayejifunza kwa Kiswahili hana njia ya kuifikia ila kupitia kwetu.

Kabla ya kuhukumu maneno, inafaa tuitazame mashine yenyewe kwa ufupi. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikafika nyuma kwa shafti ndefu ya propela. Mwisho wa shafti hiyo pana gia ndogo, nayo huizungusha gia kubwa ya mviringo iliyokaa kwa kuikingama. Hivyo mzunguko uliokuwa ukifuata urefu wa gari hugeuzwa ukafuata upana wake, na papo hapo hupunguzwa mwendo na kuongezwa nguvu. Katika Land Rover hizi gia ndogo ina meno 10 na kubwa ina meno 47, kwa hiyo shafti ya propela huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja. Ndani ya gia kubwa pamefungwa kundi jingine la gia ndogo zinazoliwezesha gurudumu la nje kwenda kasi kuliko la ndani gari linapokata kona. Kutoka hapo shafti mbili, ya kulia na ya kushoto, hupeleka mzunguko kwenye magurudumu. Yote hayo yamo ndani ya kasha moja la chuma lenye mafuta mazito.

Nianze na neno linaloheshimika kuliko yote katika rasimu: "mhimili". Mfasiri amelitumia kwa ekseli nzima, na zile shafti mbili za ndani akaziita "nusu-mihimili". Neno ni zuri, lina asili na lina heshima. Lakini mhimili ni kitu kinachohimili, yaani kinachobeba uzito, kama boriti linavyobeba dari. Sasa katika ekseli ya nyuma ya Land Rover uzito wa gari na shehena yake hubebwa na kasha. Ncha za kasha huingia ndani ya habu za magurudumu, na beringi za habu hukalia juu yake. Shafti za ndani hazibebi hata kilo moja ya mahindi yaliyo nyuma. Kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana fundi anaweza kufungua bolti za pembeni na kuchomoa shafti hizo gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake yote manne, na hakuna kitakachoanguka.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kitu hicho ni "nusu-mhimili" atafanya nini? Akiwa na akili, na wanafunzi wetu wanazo, ataogopa kukichomoa. Au ataweka jeki na magogo mahali pasipohitaji na kupoteza asubuhi nzima. Akihamia kwenye gari la aina nyingine ambalo shafti yake hubeba uzito kweli, hatakuwa na neno la kuonyesha tofauti. Jina limempa habari ya uongo kuhusu kazi ya kitu. Kwa maoni yangu kosa la namna hiyo ni zito kuliko kosa la kutohoa, kwani neno lililotoholewa halisemi uongo. Halisemi kitu kabisa mpaka liambiwe. Basi "ekseli", ambalo limekwisha kukaa katika kamusi zetu, libaki kwa mkusanyiko wote. "Kasha la ekseli" liwe la kile kinachobeba. Na kile kinachozunguka ndani kiitwe "shafti ya gurudumu". Mhimili tuuache kwenye majengo na kwenye lugha ya dola, ambako unafanya kazi yake halali.

Neno "difu" limeondolewa kabisa katika rasimu na mahali pake pakawekwa "kitofautishi". Sababu iliyotolewa pembeni ni kwamba difu ni neno la gereji. Hilo ni kweli, nami sioni aibu yake iko wapi. Neno hilo limekatwa na mafundi wenyewe kutoka neno refu la kigeni, likapewa irabu ya mwisho, likaingia katika ngeli bila kusukumwa. Watu husema difu inalia, difu imekufa, difu inavuja, na kila mtu aliyewahi kupanda gari la mizigo huelewa. Kitofautishi, kwa upande wake, kinatueleza neno la Kiingereza badala ya kutueleza chombo. Hakuna anayetofautisha kitu chochote mle ndani. Kinachofanyika ni mgawanyo wa mzunguko baina ya pande mbili.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kila litokalo gereji ni dhahabu. Difu ya mafundi ina kasoro yake, nayo ni upana. Fundi mmoja akisema difu anakusudia kasha lote la nyuma. Mwingine anakusudia bonge la chuma lenye gia linalotolewa kwa mbele. Mwingine anakusudia zile gia ndogo za mgawanyo peke yake. Karibu na gari mtu huonyesha kwa kidole, na upana huo haudhuru. Kwenye kitabu hakuna kidole. Hapa ndipo kazi yetu inapohitajika: kuweka mipaka mahali ambapo mazungumzo yameacha uwazi, wala si kumnyang'anya mtu neno lake. Napendekeza difu iwe ile sehemu inayotolewa pamoja na gia zake zote, na zile ndogo za ndani ziitwe "gia za mgawanyo".

Kuhusu "gurudumu taji" nitasema machache. Katika kitabu cha magari neno gurudumu lina mwenyewe, nalo ni lile linalokanyaga barabara. Sentensi inayomwamuru mwanafunzi alegeze bolti za gurudumu taji itamtoa chini ya gari na kumpeleka pembeni akiwa na spana ya magurudumu. Taji nalo linamletea mfalme asiyehusika. "Krauni" kwa gia kubwa na "pinioni" kwa ndogo yanatosha, na irabu zake za mwisho zinayawezesha kukaa katika sentensi bila kukwaruza.

Kwenye vitenzi ndiko rasimu ilikonisikitisha zaidi, na jambo hili huonekana mara chache katika vikao vyetu, kwa sababu orodha za istilahi huwa orodha za majina. Mwongozo wa Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kila kinachotoka mahali pake. Mfasiri akamfuata kwa uaminifu: ondoa oili, ondoa nati, ondoa shafti, ondoa difu, ondoa beringi. Ukurasa mmoja una "ondoa" zaidi ya kumi. Lakini Kiswahili hakijawahi kuwa maskini wa namna hiyo. Oili humwagwa. Nati hufunguliwa, na kabla ya kufunguliwa hulegezwa. Shafti huchomoliwa, maana iko ndani ya kitu kingine kama upanga ndani ya ala. Difu hushushwa, maana ni nzito na mtu yu chini yake. Beringi iliyokaza juu ya pinioni hung'olewa, na yeyote aliyewahi kuing'oa anajua kwamba neno hilo si tamathali.

Vitenzi hivyo havipo kwa ajili ya pambo. Kila kimoja kimebeba maelekezo ambayo Kiingereza hulazimika kuyaandika katika sentensi ya pili. Ukimwambia mwanafunzi "chomoa", umekwisha kumwambia avute kwa mstari ulionyooka. Ukimwambia "shusha", umekwisha kumwonya kuhusu uzito, naye ataita mwenzake au ataweka jeki. Ukimwambia "ondoa difu", atafungua nati zote pale zinapoishikilia kwenye kasha, na chuma kitamshukia kifuani. Nasema hivyo bila kutia chumvi: difu ya pikapu hii ni mzigo ambao mtu mmoja aliyelala chali hana mahali pa kuukimbilia.

Vitenzi hivyo pia vinajua tofauti ambazo mfasiri hakuziona. Land Rover za inchi 109 hazikuwa zote na ekseli ya aina moja. Nyingi za awali zilikuwa na ekseli ya aina ya Rover, ambayo difu yake hutoka nzima upande wa mbele, ikapelekwa mezani na kufanyiwa kazi mtu akiwa amesimama. Za baadaye zilifungwa ekseli ya aina ya Salisbury, ambayo nyumba ya gia ni sehemu ya kasha lenyewe. Hapo hufunguliwa kifuniko cha nyuma na gia hutolewa moja moja. Kwa hiyo katika Salisbury hakuna difu ya kushusha. Fundi anayesoma "ondoa difu" katika sura inayochanganya aina zote mbili atatafuta nati ambazo hazipo. Kama mfasiri angeandika "shusha", yeye mwenyewe angestuka alipofika Salisbury na kujiuliza kinachoshushwa ni nini. Kitenzi sahihi humsahihisha mwandishi kabla hakijamsaidia msomaji.

Sasa niingie katika moyo wa kazi, ambao ni vipimo. Gia mpya haziingizwi tu na kukazwa. Pinioni lazima ikae kwa kina maalumu, isiisogelee mno krauni wala isijitenge nayo. Beringi za pinioni lazima zibanwe kiasi, ili shafti yake isiyumbe gari linapovuta mzigo. Kisha krauni husogezwa kulia au kushoto mpaka baina ya meno yake na meno ya pinioni ubaki uwazi mdogo sana, ambao haufiki nusu ya milimita. Uwazi huo ukikosekana meno hukwaruzana, hupata moto na kuungua. Ukizidi hugongana kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, mpaka moja livunjike. Kipande cha jino kikinaswa baina ya gia, magurudumu ya nyuma huweza kufunga ghafla gari likiwa mbioni. Basi maneno ya vipimo hivi matatu ndiyo yanayolinda roho za watu, na kwa bahati mbaya ndiyo yaliyoharibika kuliko yote.

Kubanwa kwa beringi kumeitwa "mzigo wa awali". Neno kwa neno hakuna wa kuipinga tafsiri hiyo. Lakini tuko kwenye pikapu, na kwenye pikapu mzigo ni gunia. Sentensi ya rasimu inayotaka pinioni ipewe mzigo wa awali kabla ya kupimwa itamfanya mtu wa kawaida aelewe kwamba gari lipakiwe kwanza. Mfasiri mwenyewe, nadhani, hakuwahi kuiona kazi hiyo ikifanywa: uzi huzungushwa kwenye flenji ya pinioni, ncha yake ikafungwa kwenye mizani ya springi, fundi akavuta taratibu na kusoma ni nguvu kiasi gani inayotosha kuizungusha. Kinachopimwa ni ukinzani wa beringi zilizokazwa. Kwa hiyo "mkazo wa awali" linatosha, na linakwenda pamoja na kitenzi "kukaza" ambacho fundi anacho tayari.

Uwazi baina ya meno umeitwa "pigo la nyuma". Hapa tafsiri imepita kando kabisa, kwa kuwa imetafsiri vipande vya neno la kigeni na kuacha maana. Fundi husema gia "inacheza", au ina "mchezo", na wengine husema ina "plei". Mchezo ni neno letu, linatokana na kitenzi chetu, nalo ni sahihi: shika flenji, izungushe mbele na nyuma, nawe utausikia mkononi. Upungufu wake ni kwamba beringi iliyolegea nayo husemwa kuwa inacheza, na mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mchezo wa meno lazima uwepo. Mchezo wa beringi za pinioni haufai kuwepo kabisa. Mwanafunzi akisoma "ondoa mchezo" bila kuambiwa wa wapi, anaweza kuyabana meno mpaka yasipumue. Basi tusiandike kamwe mchezo peke yake. Tuandike "mchezo wa meno" au "mchezo wa beringi", hata kama sentensi itarefuka.

Vile vibati vyembamba vya mviringo vinavyotiwa nyuma ya beringi ili kurekebisha kina vimeitwa mahali pamoja "kabari" na mahali pengine "shimu". Kabari ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Hiyo ndiyo maana yake na hiyo ndiyo kazi yake katika kupasua kuni. Kibati kinachozungumzwa hapa lazima kiwe na unene sawasawa pande zote, na kikiwa kama kabari beringi itakaa upande. Shimu nalo ni utohozi wa haki, ila limezaliwa jirani na shimo. Mpiga chapa mwenye nia njema akikuta "ongeza shimu" atasahihisha iwe "ongeza shimo", na mwanafunzi mtiifu atakwenda kutafuta keekee. Mzaha huo una ukweli ndani yake: istilahi lazima istahimili mikono ya wapiga chapa. Napendelea "washa ya kipimo". Washa linajulikana na kila mwenye spana, na kipimo kinasema kwa nini zimekatwa za unene mbalimbali.

Jambo dogo lenye uzito mkubwa: krauni na pinioni huuzwa pamoja, na rasimu imeziita "seti". Seti ya sahani ikivunjika moja unaweza kuchukua nyingine kutoka seti ya pili na mgeni asijue. Gia hizi sivyo. Kiwandani zimesuguliwa pamoja mpaka zikazoeana, kisha zikachorwa namba moja ili zisitenganishwe. Zaidi ya hapo, kwa kuwa 47 na 10 hazigawanyiki kwa namba moja isipokuwa 1, kila jino la pinioni hukutana kwa zamu na kila jino la krauni, nayo huhitaji mizunguko 47 kabla mpangilio wa mwanzo haujarudi. Hivyo zimechakaa pamoja jino kwa jino, na ukimpa mmoja mwenzi mgeni zitalia siku ya kwanza na kuvunjika baadaye. Kiswahili kina neno la vitu viwili ambavyo kimoja hakivaliki bila mwenzake, nalo ni "jozi". Hakuna anayenunua kiatu cha kushoto cha jozi moja na cha kulia cha jozi nyingine. Mtunza bohari akiandika "jozi 1 ya krauni na pinioni", hatakubali kuletewa krauni peke yake.

Sehemu moja ya rasimu inastahili sifa. Gia zikiisha kufungwa, fundi hupaka rangi kidogo juu ya meno, akazungusha, kisha akatazama alama iliyobaki mahali yalipogusana. Kwa urefu wa jino kutoka chini hadi juu mfasiri ameandika "shina la jino" na "kilele cha jino", na mtu hawezi kutaka bora zaidi. Alama ikipanda kileleni, pinioni iko mbali na isogezwe ndani. Ikizama shinani, imezidi kuingia. Lakini kwa urefu wa kwenda pembeni ameandika "kidole" na "kisigino", akifuata Kiingereza. Sipingi viungo vya mwili kupewa vyombo. Meza ina miguu, chupa ina shingo na msumeno una meno. Ila jino lenyewe ni kiungo tayari, na kulipa kisigino ni kumvalisha mtu kiatu mdomoni. Nadhani "ncha ya ndani" na "ncha ya nje" yanatosha, moja ikiwa upande wa katikati ya krauni na nyingine upande wa ukingo. Alama ikikimbilia ncha ya ndani, krauni imesogea mno na iachishwe kidogo. Ikikimbilia ncha ya nje, isogezwe.

Limebaki neno "uwiano", na hapa lawama si za mfasiri hata kidogo, bali ni za lugha aliyotafsiri kutoka kwake. Wenye pikapu hizi mara nyingi hawarudishii gia za 4.7, hutia zile za 3.54 za Range Rover, gari lililotoka mwaka 1970, ili injini isipige kelele kwenye barabara ya lami. Je, huko ni kupandisha uwiano au kushusha? Kwa namba umeshuka. Kwa mwendo umepanda. Waingereza wenyewe husema yote mawili, na rasimu kwa uaminifu imesema "punguza uwiano" katika ukurasa mmoja na "ongeza uwiano" katika ukurasa unaofuata kwa jambo lile lile. Madereva wetu walikwisha kulimaliza fumbo hili zamani. Gia inayovuta kwa nguvu na kwenda polepole ni nzito. Inayokimbia bila nguvu ni nyepesi. Basi difu ya 4.7 iitwe nzito na ya 3.54 iitwe nyepesi, na namba iandikwe kila mara pembeni yake, wala pasiwe na kupanda wala kushuka.

Mfasiri anaweza kuona kwamba hayo ni mambo ya wataalamu wachache. Sivyo. Anayetia difu nyepesi nyuma na kuiacha nzito mbele ataendesha salama kwa muda, kwa kuwa kwa kawaida gari husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Siku ya matope atakapoingiza magurudumu yote manne, ya mbele na ya nyuma yatadai mwendo tofauti kutoka kwa mashine moja, na kitu kitakatika. Kwa hiyo sentensi ya mwongozo inayotaka ekseli zote mbili ziwe na uwiano mmoja haipaswi kuwa na shaka ya hata neno moja. Na akibadilisha zote mbili, saa ya mwendo, ambayo hupata mzunguko wake kabla ya ekseli, haitajua kilichotendeka. Itaonyesha 60 gari likienda karibu kilomita 80 kwa saa. Nchini Tanzania, ambako mwendo ulioruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50, dereva atapita mbele ya shule akiisoma 50 hiyo na kuiamini, kumbe anakwenda kilomita 66. Rasimu imeiacha tahadhari hiyo kwenye tanbihi, na imeitafsiri kwa kusema kwamba kipimo "kitahitaji kusawazishwa". Kusawazishwa na nini? Iandikwe wazi kwamba saa ya mwendo itaonyesha pungufu, na kwamba isiaminiwe mpaka irekebishwe.

Kichwa cha sura nimependekeza kiwe "Kutoa na Kutia Krauni na Pinioni, Ekseli ya Nyuma". Ni kirefu na hakina mvuto, lakini mtunza bohari hatakosea. Neno ambalo bado sijalipata ni la pande mbili za jino lile lile: ule upande unaosukuma gari likivuta, na ule unaopokea nguvu gari linaposhuka mlima mguu ukiwa umeachia mafuta. Rasimu imeandika "upande wa kuendesha" na "upande wa pwani", na la pili ni kichekesho cha kamusi ambacho sina haja ya kukieleza. Mimi nimejaribu "upande wa kuvuta" na "upande wa kushuka", lakini la pili linaweza kuchanganywa na upande wa chini. Walimu wa vyuo vya ufundi wenye neno linalotumika mezani kwao na waliandike, pamoja na sentensi ambamo linatumika, walilete kabla kamati haijakaa.